"Sasa adui nani?" Lawama ninazopata kila nikimwambia mtu aangalie Lost Girls

Kila nikimpendekezea mtu ile muvi ya Netflix, Lost Girls, naijua kabisa meseji itakayorudi. Itaingia usiku mnene na itakuwa na swali moja tu, sasa adui nani? Wengine wanapigilia na lawama juu, umenipotezea muda, nimekaa saa moja na nusu nasubiri jamaa akamatwe mara naona maandishi yanapanda. Shemeji yangu alienda mbali zaidi, alinitumia voisi noti anauliza part two inatoka lini na kama nimeshaidaunlodi nimrushie.

Nawaelewa jamani. Sisi tumekulia kwenye muvi za steringi na adui, steringi hafi, adui anajulikana tangu dakika ya kumi kwa sababu ana kovu na anavuta sigara, na mwishoni lazima wakutane kwenye godauni wamalizane kwa ngumi hata kama wote wawili wana bastola. Sasa mtu kazoea hivyo halafu unamwekea mama wa kizungu wa makamo, hana bunduki, ana shifti ya usiku, anazunguka na simu akitafuta binti yake, polisi hawamsikilizi, na muvi inaisha muuaji hata sura hujamwona. Lazima akutukane.

(Kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa, kaangalie kwanza. Nitasema kila kitu.)

Netflix waliiachia 13 Machi 2020, siku ileile Marekani inatangaza hali ya dharura ya corona, na siku chache baadaye huku kwetu shule zikafungwa, kwa hiyo wengi tuliiona kipindi kile ambacho watu wako ndani wanaangalia chochote kinachowekwa mbele yao. Nafikiri ndo maana ilipata watazamaji ambao kwa kawaida wasingeigusa. Mama mdogo wangu kwa mfano, yeye ni wa tamthilia za Kifilipino na Kituruki, hii hakuichagua, ilimkuta sebuleni.

Na kitu ambacho wengi hawakijui wakati wanalalamika ni kwamba hiyo stori ni ya kweli, tena mwaka ule wa 2020 muuaji alikuwa HAJAJULIKANA kweli. Yule dairekta Liz Garbus angemtoa wapi? Muvi imetokana na kitabu cha mwandishi wa habari Robert Kolker cha mwaka 2013, na hata kitabu chenyewe kiliisha bila jibu.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Shannan Gilbert, dada wa miaka 23, anaishi Jersey City, anajiuza kupitia matangazo ya Craigslist, ule mtandao wa matangazo madogomadogo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2010 dereva wake anampeleka kwa mteja sehemu inaitwa Oak Beach, kijiji kidogo cha ufukweni chenye geti huko Long Island, New York. Inafika alfajiri saa kumi na moja kasoro hivi anapiga 911, namba ya dharura ya kule. Anaongea nao zaidi ya dakika 20, anasema kuna mtu anamfuata, hajui alipo, simu imeangukia kwa polisi wa jimbo badala ya wa pale karibu, anatoka mbio anagonga milango ya watu gizani, majirani nao wanapiga polisi. Polisi wanatokea karibu saa nzima baadaye. Wanakuta hamna mtu.

Basi, ikaishia hapo. Miezi. Ni mama yake, Mari Gilbert, na dada zake Shannan ndo waliokuwa wanasumbua, wanapiga simu, wanauliza, wanaenda. Desemba 2010 askari mmoja akiwa na mbwa wake wa kunusa maiti kwenye vichaka vya pembeni ya barabara ya Ocean Parkway, karibu na Gilgo Beach, akakuta mabaki ya binadamu. Siku mbili mbele wakapatikana wengine watatu. Wanawake wanne, wamefungwa kwenye magunia, wote walikuwa wanajitangaza Craigslist kama Shannan, wa kwanza kapotea tangu 2007. Na Shannan hayumo! Wakaendelea kutafuta, ikafika Aprili 2011 wana mabaki ya watu 10 kwenye ule ukanda wa pwani, na bado yeye hayumo.

Hapo sasa ndo huwa nawauliza hawa wa "adui nani", hivi mmeelewa kilichotokea hapo? Mama anatafuta mtoto mmoja, wanafukuliwa watu kumi ambao hakuna aliyekuwa anawatafuta kwa nguvu hiyo. Kwangu mimi muvi ilishamaliza kazi yake pale, muuaji ni suala lingine.

Shannan mwenyewe alikuja kupatikana 13 Desemba 2011, kwenye kinamasi palepale Oak Beach, mwaka mmoja na miezi saba tangu apige ile simu. Palepale. Polisi wakasema alichanganyikiwa akakimbilia kwenye kinamasi akafa kwa ajali, wengi wakielewa kwamba ni kuzama. Familia ikakataa. Mwaka 2016 Michael Baden, daktari maarufu sana wa uchunguzi wa maiti kule kwao, akaipitia upya mifupa kwa upande wa familia akasema kuna dalili zinazoendana na kunyongwa. Polisi hawakubadili msimamo, na ile rekodi ya 911 waliibania mpaka Mei 2022 ndo wakaiachia hadharani, miaka 12 baadaye.

Haya turudi kwa watazamaji. Kuna kundi la pili, na hili ndo linaloniumiza kichwa kuliko la adui. Hili linamchukia mama.

Na nasema kumchukia, sio kumkosoa. Nimeiangalia hii muvi na watu wa aina mbalimbali na kila mara kuna mtu atasema "lakini na huyu mama naye". Kwa sababu kwenye stori inatoka kwamba Shannan alilelewa kwenye familia za watu, mama alimtoa akiwa mdogo, na alipokua akawa anasaidia nyumbani kwa hela na mama hakuuliza sana hela inatoka wapi. Basi hapo mtu ameshapata mkosaji wake. Dada yangu alisimamisha muvi kabisa, akashika rimoti kama jaji, akasema sasa anamtafuta wa nini wakati alimtupa mwenyewe? Yaani watu wamekaa pale wanasubiri adui, wamemkosa, wakaamua adui awe mama!

Halafu kuna hili la kulia. "Mbona halii?" Hilo swali nimelisikia mara nyingi mno. Amy Ryan ndo kacheza Mari na kamcheza mkavu, mkali, mdomo mchafu, machozi ya kuhesabu. Sisi tumezoea mama akipotelewa na mtoto anajirusha chini, khanga inadondoka, majirani wanamshika mikono huku na huku. Huyu anawasha gari anaenda kugombana na polisi, akirudi anaingia kazini. Mimi namwona ni mama wa kweli kabisa, mama wa hali ya chini mwenye watoto wengine wa kulisha, kulia anakulia saa ngapi? Mtu wa kulia ana mtu wa kumbembeleza. Lakini najua tuko wachache kwenye hili.

Mama mdogo ndo alinishangaza. Nilitegemea yeye ndo awe wa kwanza kumsema, maana kwa kusema watu ni fundi, Mungu amweke. Alikuwa kimya muda wote anachambua mchele, ilipofika pale mama anamfokea kamishna wa polisi yeye akasema tu, "Ningekuwa mimi yule askari wa mwanzo angekuwa hana meno." Dada akamwambia lakini mama mdogo, si alimwacha mtoto. Akajibu, "Alimwacha, ndiyo. Sasa amwache mara mbili?" Basi muvi ikaendelea.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunausema sana huo msemo kwenye misiba na kwenye harusi, ila nimegundua tuna masharti nao. Mzazi awe amevaa vizuri, awe mpole, mtoto awe alikuwa anasoma chuo. Mtoto akiwa dada poa watu wanaanza kutafuta alikosea wapi kabla hawajauliza yuko wapi. Na si sisi tu. Kule Suffolk, ambayo ndo kaunti yenye hizo Oak Beach na Gilgo, familia za wale mabinti zimelalamika miaka nenda rudi kwamba walichukuliwa kirahisi kwa sababu ya kazi yao. Kuna mmoja, Melissa Barthelemy, alipotea 2009, halafu mdogo wake wa kike, katoto ka shule, akawa anapigiwa simu na mwanaume kwa namba ya dada yake, anamtukania dada yake, anamcheka. Simu zilikuwa zinatokea katikati ya Manhattan kwenye watu wengi, fupifupi, polisi wakashindwa kumnasa. Hebu fikiria wewe ni mtoto wa miaka kumi na kitu, simu inaita, jina linaloonekana ni la dada yako aliyepotea.

Kundi la tatu ni la wapelelezi. Hawa nawapenda lakini wananitisha. Muvi ikiisha tu wanaingia Google, asubuhi wana mafaili. Na muvi yenyewe iliwasukuma, tuseme ukweli, kwa sababu kuna daktari mmoja jirani pale Oak Beach ambaye kweli aliwahi kumpigia simu Mari siku chache baada ya Shannan kupotea, mwanzoni akakana kisha akakubali kwamba alipiga. Kwenye muvi kamera inamkalia vibaya mno, muziki unabadilika, kila anachosema unaona kinanuka. Kwa hiyo watazamaji wengi walitoka pale wameshahukumu. Polisi walisema huyo si mtuhumiwa wao, hajawahi kushtakiwa kwa lolote kwenye hiyo kesi, lakini nani anasoma hayo. Rafiki yangu mmoja alikuwa anaapa kabisa, ni daktari, ni daktari, mimi najua watu.

Ikaja Julai 2023.

Tarehe 13 wakamkamata jamaa anaitwa Rex Heuermann, miaka 59, mchora ramani za majengo, ofisi yake ilikuwa Midtown, katikati ya Manhattan, alikuwa na mke na watoto, nyumba yake ilikuwa Massapequa Park, ng'ambo tu ya maji ukitokea Gilgo. Walianza kumshtaki kwa wanawake watatu kati ya wale wanne wa magunia, wakaendelea kuongeza hadi kufikia Desemba 2024 mashtaka yakawa ya wanawake saba. Alipopandishwa kizimbani alikana. Walimfuatilia kimyakimya, akala piza akatupa boksi lenye mabaki kwenye pipa la taka mtaani, wakaliokota, DNA ya kwenye yale mabaki wakailinganisha na unywele uliokutwa kwenye gunia moja.

Simu yangu siku ile haikupumzika. Wote wa "adui nani" walirudi! Shemeji akaandika kwa herufi kubwa ADUI HUYO HAPO, utafikiri Netflix wamemtumia yeye binafsi. Yule rafiki yangu wa daktari alikaa kimya siku kadhaa, aliporudi akasema mimi nilisema ni mtu wa hela zake. Haya sawa.

Ila ngoja niwaambie kilichonikaba mimi, wala si piza. Mwaka 2010, mwenzake Amber Costello waliyekuwa wanaishi naye, Amber ni mmoja wa wale wanne, aliwaambia wapelelezi kuhusu mteja fulani aliyefika pale nyumbani. Mwanaume mkubwa, mrefu, jitu kabisa, na akawaambia na gari alilokuja nalo, Chevrolet Avalanche. Ile pikapu si gari la kila mtu. Hiyo taarifa ikaandikwa, ikawekwa kwenye faili. Ikalala. Mwaka 2022 kamishna mpya akaunda kikosi kazi cha kuanza upya, wakapitia mafaili, Machi hiyohiyo ya 2022 wakatafuta nani kwenye eneo lile alikuwa na Avalanche enzi hizo na anafanana na jitu, jina likatoka. Wiki chache tu tangu kikosi kianze kazi! Miaka zaidi ya kumi na moja jibu lilikuwa ndani ya kabati lao wenyewe.

Kwa hiyo ukiirudia muvi leo ile hasira ya Mari unaisikia tofauti. Mwaka 2020 watu walikuwa wananiambia huyu mama anapiga kelele sana, polisi wangefanya nini bila ushahidi. Ushahidi walikuwa nao bwana. Na ukitaka kujua kwa nini ulilala, tazama nani walikuwa mabosi. Mwanzoni mwa 2012 mkuu wa polisi wa kaunti akawa James Burke, huyu aliwazuia FBI wasishirikiane nao kwenye kesi, mwenyewe akaja kufungwa 2016 kwa kumpiga mahabusu aliyemwibia begi kwenye gari lake na kisha kuficha. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti naye, Thomas Spota, alikutwa na hatia 2019 kwa kumsaidia kuficha. Miaka yote hiyo mama wa watu anaambiwa kuwa mvumilivu.

Sasa nisije nikaonekana natetea kila kitu, muvi ina kasoro zake. Kamishna wamempa Gabriel Byrne, mzee ana macho ya huruma, sauti ya upole, unajikuta unamwonea huruma yeye kuliko familia, nadhani walimpaka rangi nzuri kupita kiasi. Familia za wale mabinti wengine wamezisokota kwenye sini chache. Kuna ile ya kwenye mgahawa, akina mama na dada wamekutana kwa mara ya kwanza wanaanza kunyoosheana vidole nani alimjali wa kwake zaidi, pale ndo muvi ilikuwa inawaka, na kuna dada wa mmoja wa marehemu ambaye yeye mwenyewe bado anafanya kazi ileile, jamani yule dada angepewa muvi nzima. Wakamuacha wakarudi kwa daktari.

Na lile la mwisho kabisa. Maandishi ya kumalizia. Wengi wanaofunga muvi mapema kwa hasira ya adui huwa hayawafikii, wanakuja kuyajua kwangu. Mari Gilbert aliuawa Julai 2016, na aliyemuua ni binti yake mwingine, ambaye alikuwa na maradhi ya akili. Kwa hiyo huyu mama hakuwahi kuiona hii muvi, hakumwona Heuermann amefungwa pingu, hakuisikia ile simu ya dakika 20 ikichezwa hadharani. Dada yangu aliyesema "alimtupa mwenyewe" alipoyasoma yale maandishi aliirudisha nyuma akayasoma tena, akaninyamazia, akaenda kuchukua nguo kwenye kamba. Mvua hakukuwa na dalili.

Halafu watu wanafikiri kukamatwa kwa jamaa kumefunga hesabu ya Shannan. Hapana. Kwenye wale saba Shannan hayumo. Yeye bado polisi wanasema ni ajali, familia bado ina yake. Kwa hiyo hata leo mtu akiniuliza adui nani, kwa huyo binti ambaye muvi ni ya kwake, sina jina la kumpa.

Wanaotaka part two, ipo ya namna yake. Liz Garbus alirudi 31 Machi 2025 na dokumentari ya vipande vitatu, Gone Girls: The Long Island Serial Killer, ipo Netflix hukohuko. Hiyo ina familia zenyewe zinaongea, ina akina Burke wote, ina na kukamatwa. Shemeji nimeshamtumia linki. Kaniuliza imetafsiriwa? Haijatafsiriwa shemeji, weka maandishi ya chini, na watoto wakiwa sebuleni usiiweke, kuna sehemu hazifai kabisa.